Udongo wa Bama

Udongo wenyewe ulikuwa ndani ya sanduku la kioo kubwa kama trela la pamba, nao ulikuwa mwekundu. Mimi nilitazamia uwe mweusi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu tangu utoto, kila niliposikia kwamba mtu wetu amefia Bama, nilifikiri Bama ni mahali pa giza.

"Ndiye huyo?" akauliza Ogwari, kwa sauti ya mtu anayeonyeshwa ng'ombe wa mahari.

"Ndimo alimo."

"Mbona hawakumtoa kabisa? Wametuletea mtu na shamba lake."

Ogwari ni binamu yangu, mtoto wa baba mdogo. Hajui kunyamaza hata msibani, na nyumbani walimchagua anisindikize Tabora kwa sababu hiyo hiyo. Walisema tangu nimefiwa na mke nimekuwa mtu wa kununa, atafutwe wa kusema badala yangu.

Banda lile la serikali, ambako udongo wa askari waliofia Bama huletwa kutafutiwa mifupa yao, lilikuwa refu kama ghala la jineri, kiwanda cha pamba, nilikopakia marobota ujana wangu wote, ila hili lilikuwa na baridi ya kutengenezwa na sakafu ya kujiona uso. Umeme wa kupoza udongo upo. Umeme wa kupoza dawa kwenye zahanati yetu unasubiri rais ajaye, kama ulivyomsubiri huyu na yule aliyemtangulia. Nilisema hivyo kwa sauti. Mlinzi akanitazama, kisha akatazama pembeni, maana naye ana zahanati kwao.

Tuliyemfuata ni Obonyo, baba wa babu yangu. Aliondoka Rorya kijana, akavuka mpaka kwenda Kericho kuchuma chai ya Wazungu, akamwacha mke nyumbani. Vita vya pili vya dunia vilipowaka akaandikishwa huko huko kwenye chai, akavalishwa kaptula, akapandishwa meli, akaenda kufa Bama huko Asia. Sasa, ingawa jeshi lilimchukulia Kericho, wakubwa wa Kenya walisema huyo ni wa Tanganyika, waulizwe wenyewe. Wakubwa wetu wakasema jina lake liko Kenya. Vizazi vyote vya kwetu vimekufa vikirushwa huku na huku kama mpira wa matambara. Serikali inajua sana kumtafuta mtu akiwa hai na anatakiwa. Akishakufa kwa ajili yake, inauliza alizaliwa wapi.

Aliyelishika jambo hili mpaka likafika hapa si mimi. Ni Penina, mke wangu. Hakuna waziri aliyewahi kutua kijijini ambaye hakumkuta Penina mstari wa mbele na swali lile lile: yule askari wetu yuko wapi? Nilikuwa namwambia aache, watu wanatucheka. Hakuishi kusikia jibu. Huyo mzee mimi simjui, sina hata picha yake. Nilikwenda Tabora ili nikirudi nisimame pale alipolala Penina nimwambie, haya, mtu wako kafika. Sikuwa na hamu nyingine iliyobaki duniani.

*

Kwenye benchi la kusubiri alikuwapo mama mmoja wa makamo yangu, ushungi wa kijani, amekumbatia kifuko cha kitambaa kama mtoto mgonjwa.

"Dada, humo mna chakula?" akauliza Ogwari. "Maana tangu asubuhi hawa wametupa maji tu, tena ya baridi."

"Mna unga wa mtama. Lakini si wako."

"Wa nani?"

"Wa babu. Kwetu Tunduru huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Unamwaga kidogo chini, unamwita jina, ndipo unasema kilichokuleta."

"Na wewe si Mwislamu?"

"Mwislamu ndiyo. Na babu alikuwa Mwislamu. Unga anapokea vile vile." Akanigeukia mimi. "Kaka, ninyi ndio wa Rorya?"

"Ndio sisi."

"Basi sanduku letu moja. Babu yangu, Issa Chitete, alilala hema moja la majeruhi na huyo wenu. Bomu likawaangukia wote pamoja." Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. "Mimi ni Somoe. Nimekuja hapa mara nyingi mpaka wale walinzi wananisalimia kwa jina. Zamu ilikuwa yangu, lakini wakaniambia nipishe, kuna waziri anatokea kwenu na Jumamosi anataka jeneza. Haidhuru. Mkitoka ninyi, naingia mimi."

"Tutakuachia vizuri," Ogwari akamwambia. "Hatutamaliza udongo wote."

Bi Somoe akacheka. Nami nikacheka kidogo, mara ya kwanza safari nzima.

*

Binti wa mitambo aliitwa Hidaya Kapalata, mwenyeji wa hapo hapo Tabora, macho mekundu kama mtu aliyekesha. Alitupokea kwa adabu, akatukalisha mbele ya meza, akaweka gilasi yenye kitu cha kijivu mfano wa majivu. Ogwari akainama kunusa. Yale majivu yakapanda ukingo wa gilasi kumfuata pua.

"Usiwapumulie, baba mdogo. Ni mchwa."

"Mchwa?"

"Sisi tunawaita hivyo. Kila chembe hapo ni mashine."

Akanichoma kidole, tone likadondoka gilasini. Wale mchwa wakalizunguka, wakalinywa, rangi yao ikageuka kidogo kama kifuu cha nazi.

"Sasa wamefundishwa damu yako," akasema. "Nikiwamwaga kwenye udongo watapita kila mahali wakionja kila chembe ya mfupa. Iliyo ya mtu wako wataibeba waje nayo hapa." Akagonga sinia refu la bati lililokuwa pembeni, refu kama kitanda. "Wanaanza na uti wa mgongo. Wakishaupata, wanapanda mpaka fuvu, halafu wanashuka miguuni. Wanagandisha kwa ute wao. Kesho asubuhi mtu mzima amelala hapa."

"Kama kichuguu," nikasema.

"Kama kichuguu chenye umbo la mtu. Ila kwanza tunajaribu kidogo."

Akachota kijiko kimoja cha ule udongo mwekundu, akakiweka kwenye kisahani, akanyunyizia mchwa. Tukainama wote watatu. Mchwa wakaingia, wakazunguka, wakatoka mikono mitupu. Hidaya akatazama kioo chake, akakunja uso, akanitazama usoni, akarudi kwenye kioo.

"Baba, samahani nikuulize. Babu yako mzaa baba alizaliwa lini?"

"Baada ya vita."

"Baada ya huyu Obonyo kufa?"

"Baada."

Akakizungusha kisahani mezani. Ogwari akamsaidia.

"Mwanangu, usione haya, si siri. Obonyo alipofia vitani, mjane wake akarithiwa na mdogo wa marehemu, Agutu. Ndipo akazaliwa babu yetu Ochola. Mtoto wa Obonyo."

"Wa Agutu," akasema Hidaya.

"Wa Obonyo," tukasema wote wawili.

"Nina maana kwa damu."

"Agutu alikuwa analinda nyumba ya kaka yake," nikamweleza. "Mtoto ni wa mwenye nyumba. Jina la Obonyo, shamba la Obonyo, boma la Obonyo. Agutu alikuwa na watoto wake kwa mke wake, nao walimwita babu yangu mtoto wa baba yao mkubwa mpaka wanakufa."

"Naelewa, baba. Lakini mchwa hawaelewi. Hapa wanasema ndugu yako yumo humu, ila yuko kando. Si mzazi wenu, ni kaka wa mzazi wenu. Wamewekewa mdomo mwembamba, wabebe mzazi na uzao wake tu. Mfumo haukutambui."

Neno hilo nililisikia mwaka jana. Zahanati yetu ina daktari wa kioo, mtambo, ambao haufungui mdomo mpaka mgonjwa abonyeze kidole gumba. Penina alikuwa amelima maisha yake yote. Gumba lake lilikuwa laini kama jiwe la kusagia, halina mstari hata mmoja. Akabonyeza, akabonyeza, nikamfuta jasho, akabonyeza tena. Muuguzi wa kijiji akaniambia kwa huruma kabisa: mzee, mfumo haumtambui, mpeleke wilayani wakamwandikishe upya. Tulikuwa tumekaa mlangoni pale, dawa iko ndani ya kabati nyuma ya kioo, naiona. Hatukufika wilayani. Aliyeuagiza mtambo ule kutoka huko alikoutoa hajawahi kushika jembe, wala mama yake.

Nikashusha macho kwenye kisahani ili binti asinione. Ndipo nikaona kwamba ule udongo mwekundu umekuwa kijivu.

"Mbona umekuwa hivi?"

Hidaya akakivuta kisahani kwake. "Tutaongea, baba. Ngoja mkubwa aje."

*

Mkubwa alikuwa Bwana Mtitu, mrefu, amevaa koti, anatembea na harufu ya kahawa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wakubwa wakikushika hivyo ujue kuna kitu.

"Mzee wangu, pole na safari. Nimeambiwa. Ni jambo dogo sana. Mchwa tutawalegeza mdomo."

"Maana yake?"

"Badala ya kutafuta mzazi na mwana, watabeba kila anayefanana nawe kidogo. Utampata babu yako mzima. Kesho tunamfunga kwenye jeneza, Jumamosi mheshimiwa anampokea Rorya. Hema limeshafungwa. Bonyeza hapa tu." Akasukuma mbele yangu kibao cha kioo.

Nikamtazama Hidaya. Alikuwa anafuta meza mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Binti," nikasema, "ulisema tutaongea."

"Hidaya," akasema Bwana Mtitu.

Yule binti akaacha kufuta. Akasema bila kumtazama mkubwa wake. "Wakilegezwa mdomo, baba, hawabebi babu yako peke yake. Waafrika wa hema moja wanafanana kidogo kidogo wote. Watabeba mbavu za huyu, goti la yule. Utapewa mtu mmoja aliyejengwa na watu wengi."

"Na wale wengine, mabaki yao?"

"Hayabaki. Kusoma kwao ni kula. Chembe wanayoionja, wakiikataa, inakuwa hivi." Akaonyesha kisahani cha kijivu. "Haisomeki tena na mashine yoyote. Sanduku moja linasomwa kwa damu moja, mara moja. Ukiweka damu mbili wanauana, kama siafu wa vichuguu viwili."

"Yule mama pale nje anasema tukitoka sisi anaingia yeye."

Hidaya akaanza tena kufuta meza.

"Hamkumwambia?"

"Mzee wangu," akasema Bwana Mtitu, na sasa aliachia mkono wangu, "tukiwaambia watu kila kitu hatafukuliwa hata askari mmoja. Wangekaa hapa wanagombana mpaka Kiama. Mimi nina kazi ya kurudisha watu kwao. Wengine watarudi, wengine hawatarudi, vita ndivyo vilivyo."

"Vita viliisha zamani."

"Si mkate udongo katikati?" akadakia Ogwari. "Nusu yetu, nusu ya mama."

Hidaya akatikisa kichwa. "Huwezi kujua uti wa nani uko nusu ipi. Wasipopata uti hawajengi, wanakula tu. Mnaweza kukosa nyote."

"Na tukiuacha ulivyo, mpaka watu wapate mashine bora?" nikauliza.

"Banda hili lina zamu," akasema Bwana Mtitu. "Udongo usiposomwa leo unamwagwa."

"Wapi?"

"Panapomwagwa udongo."

Aliongea kwa upole, kama muuguzi yule. Akaniambia nikapunge hewa nje, nirudi nimeamua.

*

Ogwari alinivuta ukutani, mbali na benchi.

"Sikiliza. Bonyeza, twende."

"Umesikia alichosema binti?"

"Nimesikia. Mfupa ni mfupa. Nani atafungua jeneza? Sisi wenyewe si tumejengwa na Agutu na tunaitwa wa Obonyo? Leo kimekuuma nini akijengwa na watu wawili watatu? Watazikwa vizuri, wataliliwa, tutachinja. Ni heri kwao kuliko kumwagwa."

Hilo lilinipata, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini Agutu alitoka nyumbani mwenyewe akaingia ile nyumba, watu wote wanatazama, na mjane akakubali. Hawa wa udongoni hakuna aliyewauliza.

"Halafu fikiria Penina," akasema.

"Mwache Penina."

"Simwachi. Alikuwa shemeji yangu kabla hujaanza kununa. Ungempelekea nini, habari kwamba ulimwonea huruma mwanamke wa Tunduru? Watu wamekaa chini ya hema wanakungoja. Waziri nimeshamchukia kama wewe, lakini hii mara moja ametufaa. Tumtumie naye, kama wanavyotutumia."

Nikamwacha pale nikaenda kukaa kwenye benchi. Miguu ilikuwa imechoka, na kichwa zaidi. Bi Somoe akasogeza kifuko chake kunipa nafasi.

"Vipi, kaka. Mmempata?"

Ningeweza kusema bado. Ingekuwa kweli, na yeye angeendelea kungoja zamu ambayo haipo, kisha angetoka mtu wa koti kumwambia kwa upole kwamba kwa bahati mbaya zamu imekwisha. Ndivyo wanavyofanya. Hawakutukani. Wanakaa kimya mpaka jambo linapita, halafu wanakupa pole.

Nikamwambia. Sikujua kulipamba, nikalisema lote kama nilivyolisikia: mdomo mwembamba, mdomo uliolegezwa, kijivu, na kwamba baada yangu hakuna zamu.

Hakupiga kelele. Alikifunga upya kifundo cha kile kifuko, ingawa kilikuwa kimefungwa.

"Damu yangu mimi walisemaje?" akauliza baadaye. "Walinichoma mwaka juzi."

"Sijui. Wewe ni wa kumzaa?"

"Wa kumzaa. Alimwacha bibi na mimba."

"Basi wewe mchwa wako wana mdomo mwembamba. Ungempata peke yake. Kamili."

"Na wako?"

"Wangu anakuwa majivu."

Akavuta pumzi. Mlinzi akapita, akamsalimia kwa jina, akaitikia.

"Basi bonyeza, kaka," akasema. "Wewe ndiye uliyeitwa. Mimi nimezoea kurudi hivi hivi. Ila nakuomba jambo. Ukishamzika huyo wako, na wangu akiwa ndani yake, usiku ule wa kwanza nenda kaburini umwambie: Issa, kwenu Tunduru wanakutafuta, hawakukusahau. Umwambie na njia. Mtu asilale ugenini tena hajui kwao ni upande gani."

Nilikaa nikayatazama magumba yangu. Mimi nilibeba marobota, sikulima sana; yangu yana mistari, mfumo unayapenda. Maisha yangu yote nimewachukia watu wanaokaa mahali ambapo wakibonyeza kitu huku, kule mtu anapotea, na wao hawamwoni. Sasa nilikuwa nimekalishwa hapo hapo, na wa kupotea amekaa karibu yangu ananisogezea nafasi.

Sikupata nuru yoyote, wala sikuwa mtu mwema ghafla. Nilichoka tu kuwa upande wao.

*

"Mwingizeni huyu mama," nikamwambia Bwana Mtitu.

"Nani?"

"Bi Somoe Chitete. Mimi sibonyezi."

Ogwari alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akishusha pumzi kama tairi.

"Mzee wangu, unafahamu kwamba Jumamosi..."

"Nafahamu. Mwambie mheshimiwa wako kwamba mimi si kitukuu wa Obonyo. Mfumo umekataa, si wewe umesikia?"

"Hema la Rorya..."

"Lifunguliwe. Ni turubai."

Nilidhani atafoka, nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno ya miaka mingi kifuani. Badala yake akatoa simu akaenda dirishani. Alisema ndiyo mheshimiwa, hapana mheshimiwa, wa kusini mheshimiwa, ndiyo, kamili zaidi. Akarudi uso umelainika.

"Mheshimiwa anasema Tunduru ni sawa. Ana ziara ya kusini vile vile."

Basi ilikuwa rahisi hivyo. Walichotaka ni jeneza. Yule mama amekaa kwenye lile benchi kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kupiga simu moja.

Bi Somoe akaingizwa. Hidaya akamwaga wale mchwa wangu kwenye debe, akaleta wengine, akawafundisha damu yake, akachota kijiko. Safari hii mchwa waliingia kwenye kisahani wakatoka wamebeba kitu cheupe, kidogo kama chembe ya chumvi, wakakiweka juu ya bati kwa uangalifu. Hidaya akasema taratibu, "Wamemjua."

Kibao kikasogezwa. Bi Somoe akainua kidole, akakishusha.

"Kaka, huyu wako anaitwa nani?"

"Obonyo."

"Wa nani?"

"Wa Sarungi. Wa Rorya."

"Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Nyasembe."

Akafungua kifuko, akachota unga, akaumwaga sakafuni, juu ya ile sakafu ya kujiona uso. Bwana Mtitu akafungua mdomo, Hidaya akamtazama, akaufunga.

"Issa bin Chitete," akasema yule mama. "Obonyo wa Sarungi, mume wa Nyasembe. Na ninyi wenzao ambao hatukuletewa majina. Tunaomba radhi. Hatukujua njia nyingine." Akanigeukia, na safari hii macho yalikuwa yamejaa. "Kaka, niambie tena. Nibonyeze?"

Ogwari alinishika mkono wa koti. Hakunivuta, alinishika tu. Nikamfikiria Penina, kama nitaweza kusimama pale alipolala, na nitaanza na neno gani. Sikupata neno la kuanzia. Bado sijalipata.

"Bonyeza, dada," nikasema.

Akabonyeza.

Hidaya akafungua kifuniko, akawamwaga mchwa. Kwanza hapakuwa na kitu cha kuona. Kisha kona moja ya sanduku ikaanza kufifia, wekundu ukawa kama ukindu mkavu, kisha kijivu, na kutoka kona ile mstari mweupe mwembamba ukaanza kutambaa kwenda kwenye bati. Pingili ya kwanza ya uti ikawekwa. Bi Somoe akakaa kwenye kiti karibu na bati, hakuondoa jicho.

Ogwari akaniambia anatoka kupiga simu nyumbani, wafungue hema. Akaniuliza aseme nini. Nikamwambia aseme analojua. Alifika mlangoni akageuka, nikadhani atanitukana.

"Ulikuwa mtu mgumu tangu mdogo," akasema. "Ulikataa pipi ya padri." Akatoka.

Mimi nikasogeza kiti upande wa pili wa sanduku, kule ambako hakukuwa na kinachojengwa. Kwetu mtu akikata roho ni aibu akikosa mtu wa kwao pembeni. Obonyo alikata roho ya kwanza kati ya wageni, na hii ilikuwa ya pili, nami nilikuwepo. Nikautazama udongo ukigeuka, kona kwa kona. Sikujua ni sehemu gani ni yeye, kwa hiyo niliutazama wote.

Bwana Mtitu alipita mara moja akasema familia zisizohusika hungoja nje. Sikuinuka. Hakurudia, na mlinzi hakuitwa. Nadhani waliona haya. Au labda ilikuwa saa ya chakula.